Kufunika Jicho Zima

Mwasiti aliiona alama siku ya Ijumaa, alipokuwa akimwogesha mjukuu wake Alima kwenye beseni nyuma ya nyumba ya mbao. Ilikuwa kwenye shavu la kulia, chini kidogo ya jicho: mstari mwekundu, mwembamba, uliopinda, na ngozi ya hapo ilinata chini ya kidole. Akasugua kwa sabuni, haukutoka. Akainama, akanusa. Harufu ya gundi, ile ya vitu vya duka la dawa.

Hakumwita mtu. Mwasiti hakuwa mwanamke wa kupiga kelele kabla hajajua kelele ni ya nini. Miaka aliyouza vitenge kwenye soko la Virunga ilimfundisha kwamba anayekuuzia kitambaa cha uongo ndiye anayekuapia sana, kwa hiyo yeye hakumwapisha mtu. Alitia mate kwenye pembe ya kitenge, akasugua kwa kidole gumba, akatazama kama rangi inatoka. Kwa watu pia alifanya vivyo hivyo, ila kwa watu mate yake yalikuwa ni kunyamaza.

Akamfuta mtoto, akampaka mafuta, akamfunga mgongoni, akaanza kumfikiria mkamwana wake.

Kanyere alikuwa Munande wa Butembo, binti wa Wakatoliki, fundi wa kushona, mtu wa maneno machache. Abdoul, mtoto wa pekee wa Mwasiti, alikuwa amemleta nyumbani akiwa ameshaamua. Wazee wa Mwasiti walitoka Kasongo na msahafu kwenye sanduku, na mkamwana wa namna hii hakuwa katika mipango yao. Hata hivyo Mwasiti hakumchukia. Alimchunga tu. Abdoul aliendesha lori la samaki kutoka Vitshumbi, na kwa jinsi barabara ilivyokuwa ikifungwa na kufunguliwa, wanawake hao wawili waliweza kukaa wiki nyingi peke yao na mtoto kati yao.

Na mtoto alikuwa na jicho. Alipozaliwa, macho yake yote mawili yalitangatanga, na hakuna aliyejali, maana kila mtoto mchanga huanza hivyo. Lakini miezi ilipita, Alima akajifunza kugeuka, akajifunza kukaa, na jicho la kushoto likabaki limeegemea pua kama mtu anayesikiliza mlangoni. La kulia lilikutazama sawasawa. Mama Landry, jirani wa parsele ya pili, kiwanja kilichopakana na chao, alisema Kanyere lazima alimcheka mtu wa makengeza wakati wa mimba. Mwasiti hakuliamini hilo, kwa kuwa Kanyere hakuwa mtu wa kucheka. Aliamini jambo la karibu zaidi: mtoto aliangushwa, na mama yake anaficha.

"Mutoto alianguka?" alikuwa amemwuliza.

"Hapana, mama. Hakuanguka."

"Basi juu ya nini jicho inakimbia?"

"Sijue, mama. Nilikuwa nawaza nimupeleke kwa dokta ya macho."

"Dokta atafanya nini? Ataitoa."

Mwasiti alikuwa amesikia habari za mtoto mmoja wa upande wa kambi ya Katindo aliyeingia hospitali na jicho la kengeza akatoka na jicho la chupa. Hakumjua mtoto huyo, wala mama yake, wala hospitali yenyewe. Lakini habari ilikuwa imefika mpaka kwenye meza yake ya vitenge, na aliona kwamba habari inayosafiri mbali hivyo haikosi miguu. "Ngoja akue," alisema. "Itarudi yenyewe."

Kanyere akajibu, "Ndiyo, mama," na tangu siku hiyo hakulitaja tena. Sasa, na mtoto mgongoni na harufu ya gundi bado puani, Mwasiti aliirudia ile ndiyo. Mama gani anakubali upesi namna ile?

Kulikuwa na jambo jingine. Jumanne moja ndiyo, moja hapana, Kanyere alimbeba mtoto asubuhi akasema anaenda kumsalimia shangazi yake Micheline kule Katindo. Na Jumamosi hiyo, kama kwamba Mungu alikuwa amemtuma, Mama Micheline mwenyewe akasimama mbele ya meza ya Mwasiti kutafuta kitenge cha harusi.

"Tunashukuru vile mutoto anafika kwako kila mara," Mwasiti alimwambia, akikunjua kitambaa.

"Mutoto gani?"

"Kanyere na Alima."

Mama Micheline akacheka kidogo. "Mama Abdoul, huyo Kanyere mwenyewe unisaidie kumugombeza. Tangu Pasaka sijaona hata kiatu yake mulangoni kwangu."

Mwasiti akatabasamu, akapima kitenge. Ikabidi akipime tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuwa ameona anachopima.

Usiku alizipanga dhana zake kama anavyopanga vitambaa, mbaya juu ya mbaya zaidi. Mwanamume? Hiyo aliiweka kando. Nani anakwenda kwa mwanamume na mtoto mgongoni? Ubatizo? Ingewezekana, lakini padri hatumii gundi. Mganga? Hapo alikaa kidogo. Kisha ikamjia nyingine iliyomfanya ainuke kitandani. Kwenye ronpwe ya Chukudu, ule mzunguko mkubwa wa magari, aliwahi kuona wanawake wakiomba na watoto wenye vitambaa usoni. Mtoto mwenye jicho bovu huwalainisha watu. Mtoto mwenye jicho lililofungwa huwalainisha zaidi. Mjukuu wake, damu ya Kasongo, akiwekwa kwenye vumbi mbele ya magari. Akakaa gizani, akimsikia Kanyere akikohoa upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Jumanne Kanyere alifunga mtoto, akachukua mwavuli wake wa kijani, akaaga. Mwasiti akamjibu bila kuinua uso kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. Alipohesabu kwamba mkamwana amefika kwenye kona, akajitanda mtandio na kusimamisha moto, pikipiki ya abiria.

"Fuata ile mwavuli," alimwambia motari. "Polepole. Usimupite."

Kijana alitazama mwavuli, akamtazama yeye. "Mama, ni muke-mwenzako?"

"Tazama barabara."

Walimfuata juu ya mawe meusi ya volkano, moto ikirukaruka, chukudu, zile baiskeli za mbao zilizobeba makala, zikiwapita. Kanyere alifika kanisani, na Mwasiti akamgusa motari bega, lakini mwavuli ulipita kanisa bila kusita. Ulifika ronpwe, ukapita wale waombaji waliokaa kwenye kivuli cha ukuta, na mmoja wao alinyoosha mkono, Kanyere akatikisa kichwa. Mwasiti aliona aibu ndogo ikimgusa, akaifukuza. Mwishoni mwavuli ukaingia kwenye lango la bluu ambalo juu yake mtu alikuwa amechora jicho kubwa lenye kope.

Ndani kulikuwa na uwanja na mabenchi. Mwasiti alisimama langoni. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mapaja ya mama zao, na karibu kila mmoja alikuwa na jicho moja. Jingine lilikuwa limefunikwa kwa sparadra, plasta ya kubandika yenye rangi ya ngozi. Wengine walivaa miwani midogo iliyofungwa kisogoni kwa lastiki. Hakuna mama aliyekuwa akilia, na hilo ndilo lililomwogopesha. Ilikuwa kana kwamba wote walishakubaliana jambo ambalo yeye hakuambiwa.

Sauti ya Alima ilitoka nyuma ya pazia, sauti ya hasira. Mwasiti akalivuta pazia. Kanyere alikuwa amemshika mtoto mikono, na msichana mwenye koti jeupe alikuwa akimbandika sparadra. Aliibandika kwenye jicho la kulia.

"Ile jicho ni nzima," Mwasiti alisema.

Kanyere akageuka. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa wa mtu aliyechoka kungoja siku ya kukamatwa.

"Ni mama ya bwana yangu," alimwambia msichana wa koti jeupe.

"Karibu, mama. Mimi ni Dokta Lucie. Kaa hapa."

Mwasiti hakukaa. "Unafunika jicho ya muzuri, unaacha ile ya kuharibika. Nani alikufundisha? Na uko na miaka ngapi?"

"Miaka ya kutosha, mama," daktari alijibu, na hakuonekana kuudhika. Aliibandua sparadra ambayo kingo zake zilikuwa bado hazijabonyezwa, akawasha tochi ndogo mbele ya uso wa Alima. "Tazama nukta ya mwanga ndani ya macho. Hili la kulia, nukta iko katikati. La kushoto, iko wapi?"

Mwasiti alitazama bila kutaka. Nukta ilikuwa pembeni, karibu na ukingo wa duara la kahawia.

"Kila jicho linapeleka picha yake kwenye ubongo," Dokta Lucie alisema. "Macho yakitazama mahali pamoja, picha zinaungana. Za huyu haziungani. Na ubongo wa mutoto hautaki kuona vitu viwiliviwili, basi unaizima picha ya kushoto. Nilimuwekea matone, nikatazama mpaka nyuma ya jicho. Hakuna ugonjwa mubaya ndani. Jicho ni zima, lakini linakaa bure. Likizoea kukaa bure miaka, hata tukilinyoosha halitaona vizuri tena. Njo maana tunalifunika hili linalofanya kazi, ili lile lingine lilazimike."

"Na ni nani alimuangusha?"

"Hakuna. Watoto wengine wanazaliwa na misuli inayovuta vibaya, wengine macho yao yanataka lineti, miwani, yanajikaza kutazama mpaka yanaingia ndani. Mama yake hakufanya kosa."

Kanyere alitazama chini. Mwasiti akafikiria swali jingine, la mtu wa soko. "Ukifunika hii ya kulia, nayo haitazoea kukaa bure?"

Daktari akaweka tochi mezani. "Ni swali la maana, mama. Ikifunikwa kutwa nzima, siku nyingi, bila mutu kuangalia, inaweza kudhoofika. Njo maana ni masaa machache tu, na njo maana nataka kumuona kila mara."

Mengine yote aliyoyasema Mwasiti aliyasikia kwa mbali. Aliondoka na hilo moja: daktari mwenyewe amekiri kwamba jicho zima linaweza kudhoofika.

Njiani Kanyere alieleza bila kuulizwa. Alikuwa akiibandika sparadra kwenye chumba cha kushonea anakofanya kazi, akimbeba mtoto pamoja naye, na kuitoa kabla ya kurudi nyumbani. "Nilijua utakataa, mama."

"Uliniambia uongo."

"Ndiyo."

Jioni walimpigia Abdoul, ambaye lori lake lilikuwa limekwama Kalengera, na simu ikawa inakatika katikati ya maneno. Abdoul alimsikiliza mkewe, kisha mama yake, kisha akasema wamwachie dokta afanye kazi yake. Mwasiti akajibu, "Sawa, mwanangu." Kanyere alimtupia jicho. Pengine naye alijiuliza mama gani anakubali upesi namna ile.

Tangu hapo mambo yakawa wazi, au yalionekana hivyo. Kanyere alikuwa na kazi nyingi ya kushona yunifomu za shule, kwa hiyo asubuhi alimbandika mtoto sparadra nyumbani, akamwachia Mwasiti, ambaye sasa alikwenda sokoni mchana, Kanyere akisharudi. Asubuhi ya kwanza Alima alilia mpaka akakauka sauti. Alijikuna usoni, akagonga kichwa kwenye mguu wa meza, akanyoosha mikono kutafuta mtu. Mwasiti alivumilia kwa muda. Kisha akaloweka pembe ya kitambaa kwa mafuta, akaibandua sparadra taratibu, na mtoto akanyamaza papo hapo, akamtazama kwa lile jicho la kulia, akacheka.

Hilo lilimtosha. Kama dawa inamliza mtoto na kuiondoa kunamchekesha, dawa hiyo ni ya nani? Kabla Kanyere hajarudi, aliipangusa sparadra mafuta, akairudisha mahali pake, akaibonyeza. Kesho yake akafanya hivyo tena, na kesho kutwa. Hakujiona mwovu. Alijiona mlinzi: jicho moja limekwisha kupotea, asingekubali la pili liende kwa mkono wa msichana mwenye tochi.

Wiki zilipita hivyo. Jumanne ya kumpeleka mtoto ilipofika, Kanyere alikwenda peke yake na Alima, akarudi na uso ambao Mwasiti hakuweza kuusoma. Aliosha vyombo. Alitwanga sombe, majani ya muhogo. Alipoulizwa dokta alisema nini, alijibu, "Alisema tuendelee." Na siku zilizofuata, alipokuwa akimbandika mtoto, Mwasiti alimwona akichelewa kidogo juu ya sparadra, mgongo umemwelekea, kama anayefunga fundo. Sasa ikawa zamu ya Mwasiti kutazamwa. Kanyere aliporudi, kabla ya kuvua viatu, alimchukua mtoto na kumpeleka dirishani penye mwanga.

Siku ya tatu ya mchezo huo, Kanyere alikaa kwenye kigoda mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, niliweka nukta ya kalamu ya bic juu ya sparadra. Ndogo. Upande wa sikio."

Mwasiti aliendelea kuchambua maharagwe.

"Nimerudi, nukta iko upande wa pua."

"Mutoto anajikuna. Anaitoa."

"Anaitoa. Na anairudisha?"

Kwa mbali jenereta ya mtu iliwaka, ikazima, ikawaka tena.

"Siku ile dokta aliniuliza kama ninamuweka kweli," Kanyere alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilisema ndiyo. Akaniuliza tena. Mbele ya wamama wengine. Alinitazama vile wewe unanitazama, mama, tangu nilifika hapa. Nilisema ndiyo mara ya pili, na nilikuwa nasema ukweli, na nilionekana mwongo." Akainuka, akachukua bidoni ya maji. "Kazi ni ya mwaka huu na ule unaokuja, dokta alisema. Kisha ubongo unazidi kufunga mulango. Sikuambie nikugombeze. Nakuambia ujue."

Akatoka kwenda bombani. Mwasiti akabaki na Alima, ambaye alikuwa amekaa mkekani bila sparadra, akigonga kijiko cha mti sakafuni.

Hasira ilimjaa kwanza, maana hakuna aliyewahi kusema naye hivyo ndani ya nyumba yake. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kile kilichomlisha miaka yote: hakupenda kukubali neno la mtu, wala kulikataa, bila kulisugua kwanza. Daktari alisema jicho la kushoto limezimwa. Vema.

Akaketi mbele ya mtoto. Alinyoosha kiganja, akalifunika lile jicho la kushoto, lililopinda. Alima hakujali. Aliendelea kugonga kijiko, akamtazama bibi yake, akatabasamu. Mwasiti akatoa kiganja, akakipeleka upande wa pili, akalifunika la kulia.

Kijiko kilisimama hewani. Mtoto akageuza kichwa huku na huku, akausukuma mkono. Mwasiti hakuutoa. Akachukua kipande cha mkate, akakishika mbele yake bila kusema neno, bila kutikisa hata bangili. Alima, aliyependa mkate kuliko maziwa, hakukitazama. Jicho la kushoto lilizunguka likiyumba, kama mtu anayepapasa ukuta usiku, na mkono mdogo ulikwenda ukashika hewa, pembeni kabisa ya mkate. Kisha akaanza kulia.

Mwasiti akaondoa kiganja. Macho ya mtoto yakaona mkate mara moja. Akaunyakua, machozi bado shavuni.

Labda ni mkono wangu ulimuogopesha, Mwasiti alijiambia. Akangoja mtoto atulie, akajaribu tena kwa ncha ya mtandio. Akashika ufunguo mahali pa mkate. Akafunika la kushoto tena, na tena mtoto hakujali, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kumnyang'anya upande huo. Alipofika hapo alijua. Rangi ilikuwa imetoka ikabaki kidoleni: cha uongo kilikuwa neno lake mwenyewe.

Mtoto huyu alikuwa akiishi na jicho moja, ndani ya nyumba yao, wakimbusu na kumwimbia. Na kila asubuhi alipocheka baada ya sparadra kubanduliwa, hakuwa akicheka kwa kupona. Alikuwa akicheka kwa sababu alirudishiwa kuona, na lile jicho la pili likirudi kulala. Mwasiti alizifikiria zile wiki, moja baada ya nyingine, akakaa mikono imemwangukia mapajani.

Kanyere aliporudi na maji alimkuta vilevile.

"Leta sparadra," Mwasiti alisema.

Kanyere akaileta.

"Nilikuwa naitoa."

"Ninajua, mama."

"Kila siku."

"Ninajua."

Mwasiti alimshika Alima kichwa kwa viganja viwili, na Kanyere akambandika. Mtoto alilia. Safari hii hakuna aliyeinua mkono kumwondolea. Hawakuombana msamaha, kwa kuwa hawakuwa na mazoea ya maneno hayo, lakini usiku ule Kanyere alipopakua ugali, alimkatia mama mkwe sehemu ya juu, isiyoungua, na Mwasiti akaila.

Jumanne iliyofuata Mwasiti alikwenda mwenyewe. Aliketi mbele ya Dokta Lucie, mbele ya akina mama wale wale, akasema kwa sauti ya sokoni kwamba mkamwana wake hakusema uongo, ni yeye aliyekuwa akiibandua. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwandikia mtoto miwani, kwa sababu matone aliyomwekea tena siku ile yalionyesha kwamba anajikaza kutazama vitu vya karibu. Mwasiti aliigeuza miwani ile mkononi, akaitazama kwenye jua, akauliza kama kioo ni cha kweli na kama lastiki haitamkata mtoto ngozi. Hakuacha kuwa na mashaka. Aliyahamisha tu. Mama Landry alipokuja kusema kwamba mtoto anatia huruma na wampumzishe angalau Jumapili, Mwasiti alimtazama mikono muda wote wa maongezi, na hakumwachia mtoto.

Mambo yalikwenda polepole. Asubuhi alimwekea Alima chembe za mahindi mkekani, akakaa kumtazama. Mwanzoni mtoto alizipapasa. Baadaye alizifuata kwa kidole, akikosea. Kisha ikafika asubuhi moja, mvua ikipiga bati, sparadra iko kwenye jicho la kulia, ambapo jicho la kushoto lilitoka pembeni mwa pua, likatulia, na vidole viwili vikaokota chembe moja, sawasawa, na kuipeleka mdomoni. Mwasiti alimtoa chembe kinywani asije akapaliwa. Kisha akaenda mlangoni, akamwita Kanyere aliyekuwa akianua nguo, akamwonyesha ile chembe.

Lakini kuona ni jambo moja, kunyooka ni jingine. Miwani ilipunguza kengeza, haikulimaliza. Alima alipoanza kusimama kwa kushika meza, Dokta Lucie akasema wakati umefika wa kurekebisha misuli.

"Jicho itatoka?" Mwasiti aliuliza.

"Halitoki, mama. Linabaki mahali pake. Nje ya jicho kuna misuli inayolizungusha, kama kamba. Mumoja unavuta kupita kiasi. Tunautoa pale uliposhikia, tunaushonea nyuma kidogo."

"Kushona."

"Kushona."

Mwasiti akamgeukia Kanyere, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la Kanyere. "Inawezekana?"

Kanyere alifikiria. "Kama mukono wa yunifomu unavuta, hautupi nguo. Unafumua, unasogeza."

Siku yenyewe Abdoul hakuweza kufika. Wanawake wawili walikaa kwenye benchi la nje, mmoja na rozari, mwingine na tasbihi, hawatazamani. Mwasiti alikuwa amemtaka muuguzi aliyempokea mtoto ataje jina lake, na jina la yule atakayempa dawa ya usingizi, na kila mlango ulipofunguka aliinuka. Habari ya jicho la chupa ilimrudia. Alijua sasa kwamba haina miguu, lakini ilimjia hata hivyo, ikakaa naye benchini mpaka walipoitwa.

Alima alikuwa amelala, kope zimevimba. Alipoamka na kuyafumbua macho, yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi wa makala, na Kanyere akashtuka. Mwasiti hakushtuka. Alikuwa amekwisha kuinama, akihesabu: moja, mbili. Yote yapo. Na mboni zote mbili, ndani ya wekundu ule, zilikuwa zimetazama juu kwake, sambamba.

"Wekundu utaisha," Dokta Lucie alisema. "Atabaki na lineti. Na tutaendelea na sparadra kidogo. Wengine wanarudi kupasuliwa mara ya pili, sitaki kuwadanganya."

"Afadhali useme," Mwasiti alijibu. Kwa mara ya kwanza alimwona daktari kuwa mtu ambaye yeye angeweza kununua kitambaa kwake.

Abdoul alifika wiki kadhaa baadaye, barabara ilipofunguka, akinuka samaki na dizeli, ndevu zimemjaa. Alisimama mlangoni na mwanga nyuma yake. Alima alikuwa kati ya bibi na mama yake, amesimama kwa miguu yake miwili, miwani imefungwa kwa lastiki ya kijani ambayo Kanyere aliishona mwenyewe. Jioni, akichoka, jicho la kushoto bado liliteleza ndani kidogo. Lakini sasa ilikuwa asubuhi.

Mtoto alimtazama baba yake. Alimtazama viatu, mfuko, ndevu, kwa macho mawili, muda mrefu, bila kutabasamu.

"Juu ya nini ananitazama vile?" Abdoul aliuliza.

"Hakujui," Kanyere alisema. "Ngoja amalize kutazama."

Mwasiti alisogeza kigoda chake ili asimzibie mtoto.